Kuwasha kichwa cha treni cha mvuke kinachochoma mafuta

Kuwasha kichwa cha treni cha mvuke kinachochoma mafuta ni kazi ya kukitoa kichwa hicho katika hali ya baridi, boila ikiwa haina mvuke wowote, hadi kiweze kutembea kwa nguvu zake chenyewe. Kazi hii huchukua saa nyingi, na kwa vichwa vikubwa inaweza kumaliza usiku mzima. Siku hizi hufanywa hasa na makumbusho na vyama vya kuhifadhi reli za zamani. Katika Afrika ya Mashariki mfano unaojulikana zaidi ni Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ambako vichwa namba 5918 "Mount Gelai" na 3020 "Nyaturu" vilikarabatiwa na kuwashwa tena kwa safari maalumu, miaka mingi baada ya huduma ya kawaida ya mvuke kwisha.

Kazi hii ina magumu mawili yanayopingana. La kwanza ni kwamba mafuta mazito hayawaki vizuri mpaka yapulizwe kwa mvuke, na kichwa kilicho baridi hakina mvuke. La pili ni kwamba moto wa mafuta ukishawaka huongezwa kwa kugeuza vali tu, hivyo boila inaweza kupashwa haraka kuliko chuma chake kinavyoweza kustahimili. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini inatokana na mojawapo ya mambo hayo mawili.

Historia kwa ufupi

Vichwa vya kwanza vya mvuke vilichoma kuni au makaa ya mawe. Majaribio ya mafuta yalifanikiwa katika karne ya 19, hasa kusini mwa Urusi, ambako Thomas Urquhart aliyatumia kwenye reli karibu na mto Volga katika miaka ya 1880, na huko Uingereza, ambako James Holden wa Great Eastern Railway alitumia mabaki ya kiwanda cha gesi. Mafuta yalipendwa mahali ambapo makaa yalikuwa ghali au ya mbali.

Afrika ya Mashariki ilikuwa mahali pa namna hiyo. Reli ya Uganda na reli za Tanganyika zilitumia kuni kwa wingi, zikikata misitu ya kandokando ya njia, na makaa yalipaswa kuletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vichwa vingi vilibadilishwa vichome mafuta, na vipya vilivyoagizwa katika miaka ya 1950 vilitengenezwa vikiwa na vichomeo vya mafuta tangu mwanzo.

Kati ya hivyo vipya, vikubwa kuliko vyote vilikuwa vya Daraja la 59 vya Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Vilikuwa 34, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Ni vya muundo wa Garratt: boila moja katikati imebebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na silinda na magurudumu yake. Kila kichwa kilikuwa na uzito wa tani 256 hivi, kikibeba lita 39,000 za maji na lita 12,000 za mafuta. Hakuna vichwa vya mvuke vizito wala vyenye nguvu kuliko hivi vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Vilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki; Gelai ni mlima wa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Vilivuta mizigo hasa kati ya Mombasa na Nairobi, na cha mwisho kiliondolewa kazini kufikia mwaka 1980. Viwili vimebaki, 5918 na 5930 "Mount Shengena", vyote Nairobi.

Nyaturu ni kichwa kidogo zaidi, cha Daraja la 30, kilichoundwa Glasgow na North British Locomotive Company. Daraja hilo lilipewa majina ya makabila, na Wanyaturu ni watu wa Singida. Lilikuwa na behewa kubwa la maji na mafuta, jambo lililofaa kwa njia ndefu za Tanganyika zenye vituo vichache vya maji.

Uhusiano na Kagera

Mkoa wa Kagera hauna reli, na watu wengi wa Bukoba na Muleba huiona treni kwa mara ya kwanza wanapofika Mwanza. Hata hivyo uchumi wa mkoa ulitegemea mvuke kwa miongo mingi. Kahawa ya Bukoba ilipakiwa kwenye meli za mvuke za Ziwa Viktoria, kama Usoga na Rusinga, ikashushwa Kisumu na kuendelea kwa treni hadi Mombasa. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ilifungua njia nyingine kuelekea Dar es Salaam. Meli hizo zilikuwa na boila zilizopaswa kupashwa kwa saa nyingi kabla ya kung'oa nanga, kama vichwa vya treni. MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitumia injini za dizeli, na kazi ya kukesha na boila ikaanza kutoweka ziwani.

Kagera inatoa pia mfano mwepesi wa kanuni yenyewe. Wavuvi wa dagaa wa visiwa vya Muleba walitumia kwa miaka mingi taa za karabai, kabla ya taa za betri na za sola kuenea. Karabai ya mafuta ya taa haiwaki kwa kupampu tu. Kwanza humiminwa spiriti kidogo kwenye kikombe chake na kuwashwa, ili mrija upate moto; baada ya hapo ndipo mafuta yanayopita humo hugeuka mvuke na kuwaka kwa mwanga mweupe. Mwenye haraka anayepampu kabla mrija haujapata moto hupata mwali mwekundu, moshi na mafuta yanayochuruzika. Taa ikishawaka, joto lake lenyewe huendelea kuyageuza mafuta na spiriti haihitajiki tena. Kichwa cha treni cha mafuta kinafuata mpango huohuo, isipokuwa kwamba "spiriti" yake inaweza kuhitaji kompresa au boila nyingine.

Sehemu zinazohusika

Boila ni pipa refu la chuma lenye maji. Upande wake mmoja kuna tanuri, yaani chumba cha moto kilichozungukwa na maji pande zote na juu. Kutoka tanuri hewa ya moto hupita katika mirija mingi iliyolala ndani ya maji, ikafika kwenye chumba cha moshi na kutokea kwenye dohani.

Katika kichwa cha makaa, sakafu ya tanuri ni wavu wa chuma unaobeba moto. Katika kichwa cha mafuta hakuna wavu. Sakafu na sehemu ya kuta zimejengwa kwa matofali ya kuhimili moto, na kichomeo kimewekwa chini. Kichomeo kina njia mbili: moja hupitisha mafuta yanayotiririka kutoka tangi, nyingine hupitisha mvuke unaoyachana mafuta hayo kuwa ukungu wa matone madogo sana. Ni ukungu huo unaowaka. Mafuta mazito yakiwa baridi hufanana na asali nzito, kwa hiyo ndani ya tangi huwekwa koili ya mvuke ya kuyapasha hadi yatiririke.

Kifaa kingine muhimu ni kivuta hewa, mrija ulio katika chumba cha moshi unaorusha mvuke kwenda juu ya dohani. Mvuke huo huondoka na gesi za moto na kulazimisha hewa safi iingie tanurini. Treni ikitembea, mvuke unaotoka kwenye silinda hufanya kazi hiyo. Ikiwa imesimama, ni kivuta hewa peke yake.

Kwa hiyo mvuke unahitajika mahali patatu kabla ya moto wa kwanza: kwenye koili ya tangi, kwenye kichomeo na kwenye kivuta hewa.

Ukaguzi kabla ya moto

Jambo la kwanza kutazamwa ni maji. Boila ina angalau njia mbili za kuonyesha kimo cha maji, kwa kawaida vioo viwili vilivyosimama wima katika chumba cha dereva. Havitazamwi tu: vali za vioo hufunguliwa na kufungwa ili maji yashuke na kurudi, kwa sababu kioo kilichoziba kinaweza kuonyesha maji ambayo hayapo. Boila haijazwi hadi juu. Maji yakipashwa kutoka hali ya kawaida hadi joto la nyuzi 200 za Selsiasi hutanuka kwa asilimia 15 hivi, na kimo kilichoonekana kidogo asubuhi kitakuwa kikubwa jioni.

Kisha fundi huingia au kuchungulia tanurini. Anatafuta matofali yaliyoanguka mbele ya kichomeo, kaboni iliyoganda kwenye mdomo wake, dalili za maji yanayovuja kwenye ncha za mirija, na hasa dimbwi la mafuta sakafuni. Vali ya mafuta inayovuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa inaweza kuacha lita nyingi hapo. Mafuta hayo lazima yaondolewe, maana tanuri ikianza kupata joto yatatoa mvuke unaolipuka.

Nje, vali kuu ya mvuke inayopeleka nguvu kwenye silinda hufungwa, wenzo wa mwelekeo huwekwa katikati, vali za kutolea maji za silinda huachwa wazi, breki ya mkono hukazwa na magurudumu huwekewa vizuizi. Vali kuu inayovuja imewahi kuondosha vichwa vyenyewe katika mabanda, usiku, bila dereva.

Mvuke wa kwanza

Zipo njia tatu za kupata nguvu ya kuanzia. Katika siku za kazi za reli, njia ya kawaida ilikuwa kuunganisha bomba kutoka kichwa kingine kilichokwisha kuwashwa, au kutoka boila ya karakana. Karakana yenye vichwa vingi haikukosa kimoja chenye moto. Makumbusho hayana bahati hiyo. Mara nyingi kichwa kinachowashwa ndicho pekee.

Njia ya pili ni hewa iliyoshindiliwa kutoka kompresa ya dizeli. Hewa hupuliza mafuta na kuendesha kivuta hewa vizuri, lakini haiwezi kupasha tangi. Kwa hiyo wanaotumia kompresa huanza kwa dizeli au mafuta mengine mepesi, na kuhamia mafuta mazito baadaye.

Njia ya tatu ni ya zamani zaidi: kuweka kuni juu ya sakafu ya matofali na kuziwasha kama jiko, hadi boila itoe mvuke wake wa kwanza. Ni ya polepole na huacha majivu ya kusafisha, lakini upole wake ni faida kwa boila. Kwa kichwa kilichokaa baridi kwa miezi, ni njia nzuri kuliko inavyosifiwa.

Kuwasha kichomeo

Utaratibu wa kuwasha haubadilishwi. Kivuta hewa hufunguliwa kwanza na kuachwa kwa dakika kadhaa, ili gesi yoyote iliyojikusanya tanurini iondoke. Vifuniko vya hewa vya chini hufunguliwa. Kitambaa au pamba taka iliyolowekwa dizeli huwashwa na kutupwa ndani, mbele ya mdomo wa kichomeo. Baada ya kuona kwa macho kwamba inawaka, fundi hufungua mpulizo kidogo, na mwisho kabisa hufungua mafuta, polepole. Hufanya hivyo akiwa amesimama pembeni ya tundu la kuchungulia. Kamwe hakai mbele yake.

Mafuta yasiposhika moto mara moja, hufungwa. Hapo ndipo ajali nyingi za vichwa vya mafuta huanzia. Fundi asiye na uzoefu huongeza mafuta akidhani hayatoshi, tanuri hujaa ukungu, kisha kipande cha tofali chenye joto au pamba iliyokuwa ikifuka huuwasha wote kwa pigo moja. Mwali hutokea kwenye kila tundu la chumba cha dereva. Kanuni hiyohiyo hutumika moto ukizimika baadaye: funga mafuta, acha kivuta hewa kisafishe tanuri, kisha anza upya kwa kitambaa kinachowaka. Matofali mekundu yanaweza kuwasha mafuta, lakini hayategemewi kwa kazi hiyo.

Kupandisha shinikizo

Moto ukishatulia, kishawishi ni kuukuza. Boila ya Daraja la 59 ina kipenyo cha mita 2.3 hivi na hufanya kazi kwa shinikizo la bar 15.5, ambalo maji yake huchemka karibu na nyuzi 200 za Selsiasi. Kati ya asubuhi ya baridi ya Nairobi na joto hilo, bamba za chuma hurefuka, mirija hurefuka kwa kiasi tofauti, na maji ya chini ya boila hubaki baridi wakati ya juu yanakaribia kuchemka. Moto mkubwa huongeza tofauti hizo. Matokeo huonekana kama matone kwenye ncha za mirija, au hayaonekani kabisa: vishikizo, yaani fimbo fupi zinazoshikilia kuta za tanuri, hupata nyufa ndani ya maji. Kwa makumbusho, boila ndiyo sehemu ghali na ngumu kuliko zote kuitengeneza. Kampuni ya Beyer, Peacock ilifungwa katika miaka ya 1960, na hakuna kiwanda chenye boila ya namna hiyo ghalani.

Kwa sababu hiyo wenye uzoefu huweka moto mdogo, pengine huuzima kwa muda na kuuwasha tena, na kuacha joto lisambae. Saa za kwanza sindano ya kipimo haisogei kabisa. Shinikizo likifika bar 2 au 3, mvuke wa kichwa chenyewe huanza kuchukua kazi: bomba la nje hufungwa, kivuta hewa na kichomeo huhamishiwa kwenye boila, na koili ya tangi hufunguliwa. Kuanzia hapo kichwa kinajitegemea.

Pamoja na mvuke hujaribiwa injekta, vifaa vinavyotumia mvuke wenyewe kusukuma maji ndani ya boila. Kichwa hakitoki bandani kabla njia mbili za kuingiza maji hazijathibitishwa kufanya kazi. Pampu ya breki huwashwa, na mafundi huzunguka na makopo ya mafuta wakilainisha viungo, kazi ambayo kwenye Garratt hufanywa mara mbili kwa kuwa kuna injini mbili. Mwishoni vali za usalama huachwa zifunguke zenyewe, ili kuhakikisha zinafunguka katika shinikizo lililowekwa.

Kusoma moshi

Mchocheaji wa makaa huutazama moto. Wa mafuta huutazama moshi. Ukungu hafifu wa kijivu juu ya dohani ni dalili ya moto mzuri. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, na masizi yanaganda ndani ya mirija ambako huzuia joto lisifike kwenye maji. Moshi mweupe au wa manjano ndio mbaya zaidi: mafuta yanapita bila kuungua, na tanuri iko karibu na mlipuko. Dohani safi kabisa si lazima iwe jambo jema, kwa kuwa hewa baridi iliyozidi hupoza ncha za mirija. Dereva na mchocheaji hulazimika kufanya kazi pamoja, maana kila mara dereva anapofungua au kufunga vali kuu, mvuto wa hewa hubadilika na mafuta yapaswa kubadilishwa wakati huohuo.

Masizi huondolewa kwa mchanga. Kichwa kikiwa kinavuta kwa nguvu, mchocheaji hurusha kopo la mchanga mkavu ndani ya tanuri. Mvuto wa hewa huupitisha katika mirija ukikwangua masizi, na dohani hutoa wingu jeusi kwa sekunde chache. Haifanywi kituoni, wala mahali palipoanikwa nguo.

Kuondoka

Silinda baridi hugeuza mvuke wa kwanza kuwa maji, na maji hayashindiliki. Pistoni ikiyakuta yamefungiwa inaweza kuvunja kifuniko cha silinda. Ndiyo sababu vali za kutolea maji huachwa wazi, na kichwa husogezwa mita chache mbele na nyuma huku mawingu ya mvuke yakitoka chini pande zote mbili. Watazamaji hupenda kulipiga picha tukio hili wakidhani ni mbwembwe. Katika Garratt mvuke husafiri mbali zaidi, kupitia mabomba yenye viungo vinavyojikunja, kwa hiyo maji huwa mengi na subira huongezwa.

Hatari ya maji kupungua

Dari ya tanuri hupozwa na maji yaliyo juu yake. Yakishuka chini yake, chuma hupata wekundu, hulegea na kuachia, na maji yote ya boila hugeuka mvuke kwa ghafula. Lita moja ya maji huwa lita 1,700 hivi za mvuke katika hewa ya kawaida. Tarehe 16 Juni 1995 dari ya kichwa namba 1278 cha reli ya utalii ya Gettysburg huko Pennsylvania, Marekani, iliachia kwa sababu ya upungufu wa maji, na wafanyakazi 3 waliokuwa katika chumba cha dereva waliungua. Kichwa hicho kilichoma makaa, lakini mafuta hayabadilishi kanuni hiyo. Nafuu yake ni moja: moto wa mafuta unaweza kuzimwa mara moja, wakati makaa huendelea kutoa joto.

Vichwa vilivyohifadhiwa leo

Nje ya Afrika, baadhi ya vichwa vya makaa vimebadilishwa vichome mafuta ili kupunguza cheche na majivu. Union Pacific 4014 ya Marekani, ya aina iitwayo "Big Boy", ilibadilishwa hivyo wakati wa ukarabati na kurudi njiani mwezi Mei 2019.

Nairobi, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1971 yana vichwa vingi kuliko uwezo wa kuviwasha, na vingi vimesimama nje, kwenye mvua na jua. Kichwa kilichosimama hakibaki kama kilivyoachwa: maji yaliyosahauliwa chini ya boila hula bamba, na mirija huoza kutoka ndani. Baada ya kusimama muda mrefu, kazi ya kwanza huwa ni kufungua boila, kupima unene wa chuma na kuijaribu kwa maji baridi katika shinikizo lililozidi lile la kazi. Maji baridi hutumika kwa sababu boila ikishindwa jaribio, hudondosha maji tu sakafuni.